Shingo imepinda: kikundi cha Walezi wa wagonjwa wa akili, Kibirizi, Kigoma

*Jumanne, saa 1:12 usiku*

Mama Tunu: Za jioni ndugu zangu. Kuna kijana huku mwaloni ameanzishwa haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, juzi Jumapili. Tangu alasiri shingo imevutwa kushoto, macho yamepanda juu, ulimi mzito. Anatusikia na anajibu, ila maneno hayatoki vizuri. Kwao wanasema ni jini, wameshamwita mtu wa kumsomea.

Nesi Edith: Mama Tunu, anapumua vizuri? Anameza mate?

Mama Tunu: Anapumua. Mate yanamchuruzika kidogo lakini anameza.

Nesi Edith: Aende kituo cha afya sasa hivi, msingoje kuche. Huo ni mkazo wa misuli unaoletwa na dawa. Huja siku 4 au 5 za mwanzo, au dozi ikipandishwa, na vijana wa kiume ndio unaowashika zaidi. Msimpe chakula wala maji kwa sasa, koo nalo laweza kukaza akapaliwa. Bodaboda hapana, chukueni bajaji, mtu mmoja akae naye nyuma amshikilie. Pumzi ikianza kukoroma au sauti ikikata, hilo ni la kukimbia, koromeo linabana.

Mzee Bakari: Na huyo msomaji asizuiwe jamani, mtagombana bure na wazee wa nyumba. Apande bajaji, asome njiani.

Mama Tunu: 😅 Shikamoo Mzee Bakari. Tunatoka.

Mzee Bakari: Marahaba. Beba na karatasi ya dawa.

Joel Mfamasia: Beba na dawa zenyewe, paketi zote, hata za dukani. Leo amemeza kitu kingine chochote?

Mama Tunu: Mchana alitapika, dada yake akamnunulia Plasil. Amemeza viwili.

Joel Mfamasia: Hapo hapo. Mwambie tabibu hilo kabla hujasema jingine lolote. Plasil ni metoklopramidi, nayo inazuia dopamini kichwani kama haloperidoli inavyozuia. Amepigwa mara mbili mahali pamoja.

Shida wa Gungu: Fafanua kaka Joel, maana Plasil kila nyumba ipo.

Joel Mfamasia: Dopamini, kemikali ya ubongo, ndiyo dawa za akili zinayoipunguza ili sauti na dhana zisizo za kweli zitulie. Tatizo ni kwamba dopamini hiyohiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa misuli. Ina mwenzake, asetilikolini, wanavutana kama watu wawili kwenye kamba. Ukimdhoofisha mmoja ghafla, mwingine anavuta peke yake: shingo, taya, ulimi, macho. Ndiyo maana tiba yake ni dawa ya kumpunguza huyo mwenzake. Vituo vingi huchoma promethazini ya msuli, miligramu 25 hadi 50, na ndani ya nusu saa hivi shingo hulegea. Kisha benzheksoli ya vidonge kwa siku kadhaa, kwa sababu haloperidoli bado imo mwilini na mkazo hurudi.

Nesi Edith: Na mgonjwa wa dawa hizi akitapika, aletwe kliniki achaguliwe dawa. Asinunuliwe Plasil.

*saa 1:40 usiku*

Halima Ujiji: Naingilia kati samahani. Mgonjwa anayetumia haloperidoli miezi mingi, leo kapimwa malaria imeonekana, kapewa dawa ya mseto. Zinagombana?

Joel Mfamasia: Swali zuri, na watu hawaliulizi. Zote mbili, haloperidoli na dawa ya mseto, zinaweza kurefusha muda ambao moyo unajipanga upya kati ya pigo na pigo. Moja peke yake mara nyingi moyo unavumilia. Zikikutana mbili tatu, mapigo yanaweza kuvurugika, mtu akazirai ghafla. Klorpromazini, dawa nyingine ya akili, nayo imo kwenye kundi hilo. Kwinini hali kadhalika, na baadhi ya antibayotiki: erithromaisini, azithromaisini, siprofloksasini. Flukonazoli ya fangasi pia.

Halima Ujiji: Kwa hiyo aache ipi?

Joel Mfamasia: Asiache yoyote kwa uamuzi wa nyumbani. Malaria inaua kwa siku chache, na ugonjwa wa akili ukirudi nao si mchezo. Rudi kwa aliyemwandikia, umwambie: anatumia haloperidoli, miligramu kadhaa kwa siku. Yeye ataamua kama apimwe moyo kwa mashine, kama dozi ya haloperidoli ipungue siku hizo tatu, au abadilishiwe. Muulize tena: amewahi kuzirai? Ana ugonjwa wa moyo? Anaharisha? Kuharisha kunaondoa potasiamu, na potasiamu ikishuka hatari ya moyo inapanda. Akiharisha aanze maji ya chumvichumvi (ORS) mapema.

Nesi Edith: Na akiruhusiwa kumeza mseto, ameze pamoja na chakula chenye mafuta, bila mafuta hainyonywi vizuri. Mboga iliyoungwa kwa mawese yatosha kabisa. Mtu mzima vidonge 4, kisha 4 baada ya saa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni siku ya pili na ya tatu. Jumla 24. Vikimshinda njiani msivitunze kwa ajili ya mwingine.

Mzee Bakari: Edith, hapa naomba useme lile la homa na kukakamaa. Kila msimu wa mvua linapotea kwenye malaria.

Nesi Edith: Ndiyo mzee. Sikilizeni hili vizuri. Mgonjwa wa dawa za akili akipata homa kali PAMOJA NA mwili mzima kukaza kama bomba, jasho jingi, moyo kwenda mbio, na akili kuchanganyika au kuzubaa, usiseme malaria imepanda kichwani ukaishia hapo. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, lakini hata kikionyesha malaria bado hilo la kukaza linahitaji hospitali usiku huohuo. Misuli inayokaza hivyo inaungua, mabaki yake yanaziba figo, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Dozi inayofuata ya dawa ya akili isitolewe mpaka daktari aseme. Kanda mwili kwa kitambaa chenye maji. Maji ya kunywa kama anameza.

Shida wa Gungu: Hilo linakuja lini? Wiki ya kwanza kama la shingo?

Nesi Edith: Mara nyingi wiki 2 za mwanzo au dozi ikipandishwa haraka, lakini laweza kuja wakati wowote. Mtu aliyepungukiwa maji yuko hatarini zaidi. Tofauti na la shingo: shingo haina homa na akili iko wazi. Hili lina homa na akili haiko. Huyu wa mwaloni leo hana homa, ndiyo maana sikupiga kelele zaidi.

Halima Ujiji: Na yule asiyetulia? Anatembea uani usiku kucha, akikaa miguu inacheza, akisimama anabadilisha mguu huu na huu. Familia nyingi wanasema ugonjwa umezidi.

Nesi Edith: Hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika. Wanakuja kliniki wanasema amezidi, dozi inapandishwa, na anazidi kweli, kwa sababu kinachomsumbua ni dawa. Mwulizeni swali moja: "Unataka kutembea, au mwili unakulazimisha?" Mgonjwa akisema mwili unamlazimisha na anaona dhiki ndani, mleteni. Dozi hupunguzwa, au anaongezewa propranololi, ila si kwa mwenye pumu. Msidharau, wengine dhiki hiyo inawafikisha kutaka kujidhuru.

Kassimu wa mtumbwi: Mie nina la jua. Klorpromazini na jua la ziwani haviendi pamoja. Wanaovua mchana waliomo kwenye dawa hiyo wanaungua uso na mikono ndani ya saa moja mbili, kwa sababu maji yanarudisha mwanga kutoka chini. Kofia pana, shati la mikono mirefu, na wakae upande wa kivuli cha tanga kama lipo.

Joel Mfamasia: Sahihi. Na vidonge vyake msivisage kwa mikono mitupu, ngozi ya anayesaga inaweza kuwasha na kuvimba.

Kassimu wa mtumbwi: Na dagaa la usiku je?

Joel Mfamasia: Wiki za mwanzo hapana. Klorpromazini inashusha presha anaposimama ghafla, na ndani ya mtumbwi kusimama ghafla ni kuanguka majini. Hata nyumbani: ageuke, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili, ndipo asimame. Bodaboda pia aache mpaka ajue dawa inamlazaje. Gongo ndiyo kabisa, inaongeza usingizi na presha inashuka zaidi.

Shida wa Gungu: Sisi huku tuna wale wa sindano ya mwezi. Hawa wana nafuu, hawasahau kumeza.

Nesi Edith: Nafuu ndiyo, lakini ikishaingia haitoki. Kidonge ukikiacha leo, siku chache kimepungua. Flufenazini ya sindano imo ndani ya mafuta, inajitoa taratibu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana huanza na kipimo kidogo, miligramu 12.5, mgonjwa anaangaliwa siku kadhaa, ndipo 25 ya mwezi. Kliniki inayomchoma 25 moja kwa moja mtu ambaye hajawahi kutumia dawa hizi inacheza kamari. Na tako lisikandwe baada ya sindano, watu wanapenda kukanda. Mafuta yanasambaa ovyo.

Mzee Bakari: Ongeza na la miaka. Mdomo kutafuna bila chakula, ulimi kutoka na kuingia.

Nesi Edith: Huja baada ya miezi au miaka. Kila miezi 6 mwambie atoe ulimi, aweke mikono magotini, umtazame kimya dakika moja. Ukiuona mapema kuna la kufanya. Usimpe benzheksoli kwa hilo, mara nyingi inalizidisha.

*saa 2:25 usiku*

Mama Tunu: Tumetoka. Amechomwa sindano saa 1:58, sasa shingo imenyooka na amecheka! Msomaji naye amecheka 🙏 Tabibu ameandika benzheksoli ya siku 7, kidonge 1 asubuhi na 1 mchana. Haloperidoli amepunguza, wataangalia upya Alhamisi. Plasil kaiweka kando.

Nesi Edith: Vizuri sana. Benzheksoli isimezwe usiku, inamwondolea usingizi, na mtu wa ugonjwa huu usingizi ndiyo nguzo. Itamkausha mdomo na haja kubwa itakuwa ngumu: maji, papai, mboga za majani. Haja ikipita siku 3 mseme. Na kwa sababu inapunguza jasho, asilime shamba saa za jua kali.

Joel Mfamasia: Na hesabuni. Siku 7 ni vidonge 14, vihesabuni leo usiku. Benzheksoli ina watu wanaoitafuta kwa ajili ya kulewa, vijana wa mtaani wanaijua bei. Ikipungua bila maelezo mtajua mapema. Kuna mtoto mdogo nyumbani?

Mama Tunu: Wawili. Mmoja ana miaka 3.

Joel Mfamasia: Basi sanduku lenye kufuli, juu ya kabati, si chini ya mto wala kwenye kikapu cha vitunguu. Mtoto akimeza, msimlazimishe kutapika, mbebeni na paketi.

Halima Ujiji: Na Ramadhani ikija, dozi mbili kwa siku inakuwaje? Huku Ujiji tutaulizwa tu.

Nesi Edith: Kabla ya mwezi kuandama waje kliniki. Wengi wanaweza kuhamishwa kwenye dozi moja baada ya futari. Kisichotakiwa ni mgonjwa kujipangia, akaruka za mchana halafu akameza mbili usiku kufidia. Iliyosahaulika humezwa ikikumbukwa, ila kama saa ya inayofuata imekaribia iachwe hiyo. Maji mengi kati ya futari na daku.

Shida wa Gungu: Na wa olanzapini? Wanakula kama hawajaona chakula.

Joel Mfamasia: Olanzapini haikazi misuli sana lakini inanenepesha, na sukari inapanda. Wapimeni uzito kila wiki kwa wiki 6 za mwanzo, sukari kabla ya kuanza na tena baada ya miezi 3. Kiu na kukojoa mara kwa mara, usingoje tarehe. Soda na uji wenye sukari nyingi ndivyo vya kupunguza kwanza. Jambo jingine: mvutaji sigara akiacha kuvuta ghafla, kwa mfano kalazwa wodini, dawa inaongezeka mwilini bila kuongezwa dozi, kwa sababu moshi ndio uliokuwa ukiipunguza. Anaanza kulala sana, tabibu anashangaa. Ugoro hauna tabia hiyo, ni moshi tu.

Kassimu wa mtumbwi: Hilo sikulijua.

Mzee Bakari: Mama Tunu, tusaidie kitu. Futa ile video ya kijana uliyoitoa saa 1. Ndugu zake hawajaridhia na uso unaonekana.

Mama Tunu: Nimeifuta mzee, samahani. Wanauliza, sasa kijana ameshaanza kuogopa dawa, aache mpaka Alhamisi?

Nesi Edith: Asiache. Ameze ile iliyopunguzwa kama ilivyoandikwa, pamoja na benzheksoli. Akikataa kabisa nipigieni kesho asubuhi, nitaongea naye mwenyewe, anieleze alivyohisi. Na Alhamisi aje na paketi zote mbili na hesabu ya vidonge.