Tupeane uzoefu: Kwa nini wanandoa wakishalala kwenye gari mara moja, mwaka unaofuata wanarudi tena?

Mzee wa Ramani

Wakuu, salaam. Msimu wa kuulizana bei za kukodi magari yenye hema juu umefika, na kila mwaka wanaouliza ni walewale: mume na mke, watoto wameachwa kwa bibi, safari ni Dar hadi Kitulo, ile hifadhi ya maua, na kuteremkia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwa hela ileile wangepata hoteli yenye maji ya moto. Bado wanarudi kulala juu ya Land Cruiser.

Hoja yangu ni moja. Hotelini wawili hao ni wageni, kila kitu wanafanyiwa, na siku ya tatu hawana cha kuzungumza zaidi ya chakula kuchelewa. Kwenye gari wanakuwa dereva na utingo. Mmoja anashika usukani, mwenzake anasoma barabara: tuta hilo, kibao cha 50 hicho, basi la nyuma linataka kupita. Wakifika kambini mmoja anatafuta sehemu tambarare na kufungua hema, mwingine anawasha jiko na kuinjika maji. Wafike saa kumi jioni, wasisubiri saa kumi na mbili, kwa sababu kufungua hema gizani ndiko kunakozaa ugomvi. Waliozoeana humaliza yote kwa dakika ishirini bila kuulizana neno, na nadhani utamu wenyewe ndio huo.

Tupeane uzoefu, lakini naomba ufundi: vipimo, vifaa, kinachoharibika na sababu yake. Zile za "tulienda, tulifurahi sana" tumezisoma za kutosha.

Bi Soni

Umesema kweli mzee wangu, ila umesahau sanduku. Anayelazimika kukusanya vyombo upya kila safari haendi mara ya tatu. Sanduku la jiko halifunguliwi nyumbani, halikopeshwi, mtoto akitaka kisu aende jikoni. Ndani: sufuria mbili zinazoingiliana, kikaango, kisu, ubao, vikombe vya bati, chumvi, majani ya chai, viberiti viwili ndani ya mfuko wa nailoni. Pembeni, mtungi wa kilo 6 na jiko linalokaa juu yake, na ndoo ya lita 20 yenye bomba. Watu wawili wakipika mara mbili kwa siku, mtungi huo unavuka wiki mbili. Kila kitu kikiwa tayari, uamuzi wa kuondoka Ijumaa unakuwa wa dakika tano.

Kipepeo wa Mbezi

Nakazia sanduku.

Fundi Mafinga

Mimi nianze na paa, maana huko ndiko watu wanakojidanganya. Hema la juu lina kilo 50 hadi 70. Uzito ambao gari nyingi za familia zinaruhusiwa kubeba juu ya paa zikiwa zinatembea ni kilo 75 hadi 100, na keria yenyewe imo kwenye hesabu hiyo. Mtu anafunga hema, anaongeza madumu mawili ya maji, halafu anashangaa gari linayumba kwenye kona. Maji yakae chini, nyuma ya viti, yafungwe kwa mikanda. Gari likisimama paa linabeba nyinyi wawili bila tatizo. Kinachong'oa keria ni kona na mashimo.

Boliti za keria zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza za vumbi, halafu kila asubuhi pitisha spana.

Tairi: lami na mzigo, weka upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema kwa gari lililojaa. Vumbi lenye mawimbi, shusha upepo hadi 28 PSI (kipimo cha pampu), meno yatapumzika na shokomzoba zitaishi. Mchanga mzito, 18. Lakini ukirudi lami JAZA. Tairi laini kwenye mwendo wa lami linapata joto ubavuni na kupasuka. Pampu ya kuchomeka kwenye betri haina mjadala.

Wanaokwenda Kitulo kupitia Chimala, ile barabara ya Hamsini na Saba inaitwa hivyo kwa kona zake 57 hadi Matamba. Maua yako kati ya Desemba na Aprili, ambayo ndiyo miezi ya mvua. Kwa hiyo maua na utelezi vinakuja pamoja, hakuna namna. Ukitaka ukavu nenda Julai, utakuta nyasi tupu na baridi ya kuganda. Kuna njia ya Isyonje pia, kutokea barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu.

Mswahili wa Glasgow

Huku mambo ni ya gari-nyumba kabisa, choo na kitanda ndani, nyingi zimejengwa juu ya gari la mizigo la Fiat Ducato. Wengi wanaozunguka nazo ni wanandoa waliostaafu. Nawapa ya Uskoti.

Leseni kwanza. Ya kawaida ya Uingereza inaishia gari la kilo 3,500. Aliyefaulu mtihani kabla ya Januari 1997 anaruhusiwa hadi 7,500, lakini akifika miaka 70 lazima apimwe na daktari ili kuendelea na hizo kubwa. Ndiyo maana baba akigonga sabini utaona familia inauza gari kubwa na kununua dogo.

Pili, uzito. Gari la 3,500 likishajengwa vitanda na makabati linabakiza kilo mia chache tu kwa watu, nguo, chakula na maji. Tangi la lita 100 likijaa ni kilo 100, kwa hiyo watu hutembea na maji robo na kujaza wakifika. Baiskeli nyuma ni balaa jingine: Ducato inavutwa na magurudumu ya mbele, mzigo ukining'inia nyuma unainua mbele, na kwenye nyasi mbichi tairi zinazunguka bure.

Njia inayopendwa ni North Coast 500, inaanzia na kuishia Inverness, kama kilomita 830. Barabara nyingi ni za gari moja na vituo vya kupishania. Kituo kikiwa kulia kwako hukiingii, unasimama kushoto sambamba nacho, anayekuja anakizunguka. Mlima wa Bealach na Bà unapanda hadi mita 626, mwinuko unafika asilimia 20, na kibao kinawashauri waziwazi wenye magari makubwa wasipite. Wanaofuata simu bila kusoma kibao wanakwama kwenye kona na kuzuia wilaya nzima. Applecross unafika kwa kupita pwani kutokea Shieldaig.

Friji la gesi linataka gari likae sawa. Likilala upande, amonia haizunguki na maziwa yanachacha. Kaseti ya choo, yaani tangi la uchafu linalochomolewa, ni lita 17 hadi 20, kwa watu wawili siku mbili au tatu. Anayeimwaga ni nani, hilo liwe limekubaliwa kabla ya kuondoka nyumbani. Sitanii.

Kipepeo wa Mbezi

Mambo mengi mno haya. Toa viti vya nyuma vya Toyota Noah, weka fremu ya chuma na plaiwudi ya milimita 12, godoro la sponji la inchi 4 lililokatwa vipande vitatu, pazia, wavu wa mbu madirishani, umemaliza. Watu wawili wanalala, na mafuta ni nusu ya Land Cruiser.

Fundi Mafinga

Noah kwenye Hamsini na Saba wakati wa mvua? Usipotoshe watu.

Kipepeo wa Mbezi

Nani kasema Hamsini na Saba? Lushoto ni lami kutoka Mombo. Iringa lami. Mbeya lami. Wanandoa wangapi wanaingia porini kweli? Wengi wanataka Soni, njiani kwenda Lushoto, chai ya moto, warudi. Mnawatisha watu kwa Land Cruiser za kukodi kwa dola.

Bi Soni

Soni karibuni. Lakini Noah mkilala mfunge vioo vyote, asubuhi mtaamka mmelowa kwa pumzi zenu. Acheni uwazi wa vidole viwili kila upande, juu ya wavu.

Dereva Mstaafu

Mnaobishana Noah na Land Cruiser, hebu someni hii ya Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa ukitokea Dar.

Wanandoa, Noah yenye kitanda kama alivyoeleza Kipepeo, wanarudi kutoka Matema. Nyuma wamepakia magunia mawili ya mchele wa Kyela na viazi vya Njombe, kwa sababu hakuna mtu anayepita huko akarudi mikono mitupu. Wakiwa wanakwenda, Kitonga waliipanda, hawakuiwaza. Wakati wa kurudi wanaishuka. Gari ni otomatiki, baba kaacha gia kwenye D (ya mwendo wa kawaida), mguu uko kwenye breki tangu juu. Kona ya kwanza, ya pili, harufu imeanza. Mama anasema kuna kinachoungua, baba anasema ni lori la mbele. Kona inayofuata pedali ikawa laini. Akakanyaga tena, ikaenda hadi chini, haina kitu.

Mbele lori limejaa linashuka kwa gia ya kwanza. Upande wa pili jingine linapanda. Baba mkono umefika kwenye ufunguo azime injini. Mama akaupiga ule mkono. "Usizime!" Akasogeza gia mwenyewe kutoka D hadi 2, injini ikapiga kelele, mwendo ukapungua, akaitia L, gia ya chini kabisa. Baba anapampu pedali, mama ameshika handibreki kitufe kikiwa kimebonyezwa, anaivuta kidogo kidogo. Gari likaingia kwenye lundo la mchanga pembeni ya barabara na kusimama. Kilichovunjika ni kioo cha pembeni kimoja na taa. Basi.

Kipepeo wa Mbezi

Eeh Mungu wangu.

Naks wa Bonde

Na mchele?

Dereva Mstaafu

Mchele mzima. Viazi vilimwagika vyote kitandani.

Kijana wa Ilula

Huyo mama apewe leseni ya basi. Ila wakuu, mimi naona ukiachia free, yaani bila gia, injini haiungui na unaokoa mafuta, breki inabaki na kazi yake tu.

Fundi Mafinga

Kijana, free mlimani ni kifo. Ukiachia free breki zinabeba uzito wote peke yake, na Noah ile, ingawa ilikuwa kwenye D, iliishia hapohapo. Elewa kinachotokea: mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi karibu 155, na DOT 3 ni 140. Pedi zikishika moto, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, kile kinachobana pedi, na kutoa mvuke. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, ndiyo maana pedali inazama. Kosa halikuwa Noah. Kosa ni mafuta ya breki ya tangu gari lishuke bandarini, pamoja na magunia. Badilisha kila miaka miwili, na yatolewe hewa kwenye magurudumu yote manne. Kujazia juu ya kopo hakusaidii kitu.

Kushuka: gia uiweke KABLA ya kuanza kushuka. Gia uliyopandia ndiyo ushukie nayo. Noah za zamani zima kile kitufe cha O/D (overdrive, gia ya mwendo kasi), halafu 2. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, iachwe ipoe, ikanyagwe tena. Mguu usilale juu yake. Na mama alikuwa sahihi: ukizima injini, usukani unakuwa mzito na kisaidizi cha breki kinakwisha.

Mswahili wa Glasgow

Huku tunaambiwa hivyohivyo, gia ya chini na breki za vipindi.

Kijana wa Ilula

Haya, nimeelewa. Lakini malori ya zamani yalikuwa yanaachia.

Dereva Mstaafu

Na makorongoni mabodi yake yapo.

Mzee wa Ramani

Uzi umekuwa wa breki. Sawa, lakini swali langu lilikuwa kwa nini wanarudi. Hao wa Kitonga walirudi?

Dereva Mstaafu

Mwaka uliofuata, Noah ileile. Mafuta mapya, na mchele wakautanguliza kwa basi. Sasa mama ndiye anayeshusha milima.

Naks wa Bonde

Huku Kenya ile barabara ya Iten kushuka Bonde la Kerio hadi Kabarnet ni hivyohivyo, unashuka zaidi ya mita elfu moja kwa lami nzuri, na uzuri wa lami ndio unakudanganya. Mimi nawaongezea moja tu: jiko ya makaa isiingie ndani ya gari wala hema, hata kama Iten ni baridi. Makaa yakiwa mekundu hayana moshi na hayana harufu, lakini yanatoa gesi inayowalaza wote wawili na hamuamki. Chukueni blanketi mbili na chupa ya maji moto.

Halafu mnafikiri wanarudi kwa ajili ya mapenzi? Wanarudi kumalizia ubishi wa nani alikuwa anaelekeza gari vibaya likirudi nyuma.

Bi Soni

Hilo la kurudi nyuma lina dawa. Anayeelekeza asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo cha pembeni, akitoweka kwenye kioo gari lisimame. Ishara ya lazima ni moja, kiganja wazi maana yake simama. Kupiga kelele "njoo, njoo, basiii" nyuma ya injini ya dizeli hakusikiki.

Mswahili wa Glasgow

Ugomvi mwingine ni birika. Kambi nyingi za Ulaya zinatoa ampea 6 au 10. Sita ni kama wati 1,380, birika la wati 2,000 linakata umeme, na jirani anachungulia. Nunua la wati 750. Na waya wa mita 25 ukunjue wote, ukiuacha kwenye kibiringo unapata joto na kuyeyuka.

Kijana wa Ilula

Wakuu, Mikumi ukipita tu bila kuingia unalipa?

Mzee wa Ramani

Barabara kuu hulipi. Lakini kuna faini ya kugonga mnyama, na usiku usipite. Ukiingia hifadhini, geti halipokei taslimu: kadi au namba ya malipo. Toa namba hiyo mapema ukiwa na mtandao. Triangle mbili na mtungi wa kuzimia moto viwe mahali pa kufikika, visifunikwe na godoro, trafiki ataviulizia.

Kipepeo wa Mbezi

Na Isyonje na Noah, mwezi wa pili?

Fundi Mafinga

Ulizia kwanza ofisi ya hifadhi Matamba. Ikiwa imenyesha usiku, msiondoke kabla ya saa nne asubuhi, udongo wa juu ukauke. Kamba ya kuvutia ya mita 8, koleo, na mchele uwe bado dukani Kyela.