Wajuzi wa GPS, nitajuaje kuwa kituo kinapanda na kushuka kwa sababu ya maji?

Kagera_Mdogo (mwenye uzi):
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa utafiti wa shahada ya uzamili. Nimepakua vipimo vya kila siku vya kituo cha GPS (antena iliyofungwa ardhini) cha Mbarara, Uganda (MBAR), kutoka maabara ya jiodesia (sayansi ya kupima umbo na mwendo wa dunia) ya Chuo Kikuu cha Nevada, ambao wanaviweka bure. Nimeondoa mwendo wa bamba la dunia, na kinachobaki kwenye kimo ni wimbi: kituo kinashuka, kinapanda, milimita kadhaa, kila mwaka.

Nataka kuonyesha kwamba ardhi inakandamizwa na uzito wa maji, hasa lile ongezeko la Ziwa Victoria la 2019 hadi 2020. Msimamizi wangu kauliza swali moja tu: "Umejuaje ni maji?" Jibu la kumridhisha sina. Naombeni msaada, na anayetaka kunitania atanie baada ya kujibu.

BikoniZaZamani:
Mkuu, wazo lako ni zima. Kule Manaus, katikati ya Amazon, mto hupanda na kushuka zaidi ya mita 10 kwa mwaka, na GPS imeonyesha ardhi ikicheza sentimita 5 hadi 7 kati ya juu kabisa na chini kabisa. California nako, ukame wa 2013 na 2014 uliifanya milima iinuke, sehemu nyingine hadi milimita 15, kwa sababu mzigo wa maji ulikuwa umeondoka.

Ila usilichanganye ziwa na msimu. Victoria halibadiliki sana kati ya masika na kiangazi. Mabadiliko yake makubwa huja kwa miaka. Kuanzia Oktoba 2019 hadi Mei 2020 lilipanda kwa zaidi ya mita 1.3. Zidisha kwa eneo la kilomita za mraba 68,800 unapata karibu tani bilioni 90 za maji. Hilo litafute kama mteremko wa miezi kadhaa kwenye grafu. Wimbi la kila mwaka pale Mbarara huenda linatokana zaidi na maji yaliyo kwenye udongo wa nchi nzima inayokizunguka kituo.

MamaGrafu:
Mimi ndiye nitakayekuharibia furaha, mdogo wangu. Wimbi la mwaka linaweza kutoka popote. Nguzo ya antena hupanuka kwa joto. Mvuke wa maji angani huchelewesha mawimbi ya setilaiti, na ukikadiriwa vibaya kosa linaangukia kwenye kimo. Shinikizo la hewa nalo ni mzigo. Halafu mpangilio wa setilaiti za GPS dhidi ya jua hujirudia kila siku 351 hivi, na kwa data ya miaka michache huwezi kuutenganisha na siku 365.

Soma pia historia ya kituo. Antena ikibadilishwa, grafu inaruka, na wewe utasema mvua imenyesha.

Kagera_Mdogo:
Dada, sasa si umeniua kabisa? Nianzie wapi?

MamaGrafu:
Anzia kwenye kalenda ya mvua. Ukanda huo una misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo usiweke wimbi la mwaka peke yake, weka na la nusu mwaka. Kisha linganisha na mvua, ukikumbuka kwamba uzito hauji siku mvua inaponyesha. Maji hujikusanya, kwa hiyo ardhi hufika chini kabisa msimu ukielekea mwisho.

Mtu_wa_Visima:
Nyongeza toka kwa sisi wa maji ya ardhini: angalia kituo kimesimama juu ya nini. Juu ya mwamba, maji yakiongezeka ardhi inashuka. Juu ya mashapo laini yenye maji ndani yake inaweza kuwa kinyume: yakijaa udongo unavimba, yakivutwa kwa pampu unadidimia. Ukichanganya vituo vya aina hizo mbili ukatafuta wastani, unaweza kupata sifuri na kudhani hakuna kitu.

BikoniZaZamani:
Mzee wa visima kagusa penyewe. Mimi ushahidi ambao ningempelekea msimamizi ni wa mlalo, yaani kusogea upande kwa upande badala ya juu na chini. Mzigo ukiongezeka, vituo vilivyo kandokando huvutwa kuuelekea. Mbarara iko magharibi ya ziwa, kwa hiyo wakati ziwa linajaa isogee kidogo mashariki. Kituo kilicho upande wa pili kisogee magharibi. Joto la nguzo haliwezi kuvifanya vituo vya pande mbili vielekeane. Ni milimita chache sana, lakini GPS hupima mlalo vizuri kuliko kimo.

Halafu chukua GRACE-FO, setilaiti pacha zilizorushwa Mei 2018 kupima uvutano wa dunia, ambao hubadilika maji yakiongezeka au kupungua. Zenyewe huona maji kwa eneo pana, kilomita 300 hivi, kwa hiyo ziwa na nchi kavu vinachanganyika. Tumia hizo kwa nchi kavu, na ziwa lihesabu mwenyewe kutoka kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kilichoko Jinja, Uganda.

Kagera_Mdogo:
Nimechora mashariki na magharibi peke yake. Kuna kitu kinaonekana kuanzia mwisho wa 2019, ila kelele ni nyingi.

MamaGrafu:
Weka picha hapa. Na usiisawazishe (kulainisha mistari) kwanza, tuione ilivyo.