Tupeane uzoefu: umeme na intaneti kwa sisi tunaofanyia kazi nyumbani

Mpangaji wa Tabata: Jirani yangu ameniuliza kama faiba, yaani intaneti ya waya, peke yake inamtosha mtu anayetaka kufanyia kazi nyumbani, nami nikakumbuka Mei 2024, pale EASSy na SEACOM, nyaya za baharini zinazoleta intaneti, zilipokatika na intaneti ikasuasua nchini Tanzania kwa siku kadhaa. Nilimjibu kwamba haitoshi, na kwamba hata kampuni mbili tofauti zinaweza kutegemea waya uleule wa baharini. Naomba wenzangu mseme mlivyojipanga.

Mkalimani wa Usiku: Mimi hukalimani kwa njia ya intaneti kati ya madaktari wa Marekani na wagonjwa wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Kongo, na kwa tofauti ya saa kazi hunikuta usiku. Nyumba ninayoishi, wapangaji wanne tunatumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Usiku mmoja daktari alikuwa akimweleza mama mmoja namna ya kumchoma mwanawe insulini. Nikatamka "Usimpe sindano", na kabla sijamalizia "kabla hujampima sukari", yuniti zikaisha, kwani chumba cha tatu walikuwa wakipiga pasi sare za shule. Kompyuta ilikuwa na chaji, lakini ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti, ilizimika palepale. Nilinunua umeme kwa simu, nikaingiza tarakimu 20 za tokeni gizani huku vidole vikitetemeka, na niliporudi hewani mama yule alikuwa amekwisha kupewa mkalimani mwingine. Hadi leo sijui ile nusu ya sentensi aliielewaje.

Mama wa Kijitonyama: Pole sana, mwenzangu. Hata mimi nimesisimka.

Mzee wa Kinondoni: Mambo ya mgonjwa hayasimuliwi hadharani.

Mkalimani wa Usiku: Shikamoo, mzee wangu. Sikutaja jina, mji wala hospitali.

Fundi wa Kimara: Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampea 1 au 2, kwa hiyo betri ndogo ya ruta huivusha kwa saa kadhaa. Anayetaka kuendesha na kompyuta atafute inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ambayo kwa hesabu ni wati-saa 1,200. Ila betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, itakufa mapema.

Mkazi wa Mbezi: Fundi anatafuta wateja. Simu yenye laini mbili na bando inatosha.

Mpangaji wa Tabata: Ingekusaidia nini Mei 2024, ilhali intaneti ya simu nayo ilisuasua?

Mkazi wa Mbezi: Na betri ya fundi ingelisha ruta isiyo na mtandao.

Mama wa Kijitonyama: Mkalimani, wekeni mita ndogo kila chumba.

Fundi wa Kimara: Mita ndogo huonyesha tu nani ametumia kiasi gani; yuniti za mita kubwa zikiisha, wote mnalala gizani. Amwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuvuta LUKU yake mwenyewe.

Mkazi wa Mbezi: Au awanunulie chumba cha tatu pasi ya mkaa.