Naomba ushauri: kumtambua mtumiaji kwa simu yake bila SMS
Habari wakuu. Nina programu ndogo ya akiba ya kikundi; mtu akitaka kuingia tunamtumia namba 6 za siri kwa SMS. Mwezi uliopita tapeli alisajili upya laini ya mwanachama mmoja, namba zikamfikia yeye, akaingia kiulaini.

Nikajaribu zile namba zinazobadilika kila sekunde 30. Wazee wakachemka: wakimaliza kuandika, zimeshapita.

Sasa najaribu FIDO2, mfumo wa kuingia kwa jozi ya funguo za kidijitali badala ya namba za siri. Ufunguo wa siri hautumwi kwenye seva yetu, seva inatunza ule wa wazi tu, mtu anagusa kidole basi. Imenikosha.

Ila simu ikiibwa, mwenyewe anarudi vipi kwenye akaunti? Na nikiacha SMS kama njia ya dharura, si nimemfungulia tapeli mlango uleule?