Mjadala: André Hazes alienziwa kwa uimbaji wake au kwa ulevi wake?

Mleta mada

Wakuu, tujadiliane bila jazba. Sisi tulioko Uholanzi jina la André Hazes, mwimbaji wa Amsterdam, tunalijua hata kama Kiholanzi bado kinatupiga chenga. Usipomsikia baa, utamsikia uwanja wa mpira. Alifariki Septemba 2004 akiwa na miaka 53. Jeneza lake likawekwa katikati ya Amsterdam ArenA, uwanja wa Ajax, watu zaidi ya 40,000 wakajaa kumuaga, na nchi nzima ikatazama kwenye runinga. Heshima ile ilikuwa ya nini hasa?

Msimamo wangu: wasomi na wahariri wa nchi hii hawakuwahi kumkubali kama mwimbaji. Walimpenda pale tu walipoonyeshwa anavyolewa na kulia.

Kwa wasiomjua: ni mtoto wa De Pijp, enzi hizo mtaa wa makabwela pale Amsterdam. Ana miaka minane anaimba soko la Albert Cuyp, Johnny Kraaijkamp, mchekeshaji maarufu, akamsikia na kumfikisha kwenye runinga. Nyota ikawaka kidogo, ikazima. Akahangaika na vibarua mpaka akaishia nyuma ya kaunta ya baa, anamimina bia huku akiimba. Mwaka 1976 ndipo alipotoka na "Eenzame Kerst", wimbo wa mfungwa anayekula Krismasi peke yake. Mwaka uliofuata ukaja "De vlieger": mtoto ameandika barua kwa mama yake aliyefariki, anaifunga kwenye tiara ili upepo uipeleke mbinguni. Mimi niliyefiwa na mama sijawahi kuusikiliza huo wimbo mpaka mwisho nikiwa mbele za watu. Isitoshe, mashairi mengi aliyaandika mwenyewe, bila shule ya kueleweka.

Lakini muziki huo, levenslied kama wanavyouita, yaani nyimbo za maisha na machungu yake, waheshimiwa waliukunjia uso miaka nenda rudi. Ni wa walevi, wanasema, wa madereva wa malori. Kisha mwaka 1999 mtengenezaji filamu John Appel akatoa filamu ya hali halisi ya maisha yake. Kamera imeingia mpaka sebuleni: kopo la bia mkononi, ugomvi na mkewe, hofu ya kupanda jukwaani. Ikashinda tuzo kubwa kwenye IDFA, tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, na wale wale waliokuwa wanamcheka wakaanza kumwita "mtu wa kweli". Kwangu hayo ni maonyesho ya shida za mtu, kiingilio wamelipa walioshiba.

Mdau wa Rotterdam

Mkuu, unawaonea. Nani alimlazimisha kufungua mlango? Hazes alikuwa mtu mzima, alimruhusu Appel kwa hiari yake, na filamu ikamfufua kibiashara: "Zij gelooft in mij", wimbo aliourekodi miaka ya themanini, ukaingia kwenye chati mwaka ule ule. Halafu hata hizo bia na upweke alikuwa anaviimba mwenyewe kabla ya kamera yoyote kufika. Unataka tumgawanye, sauti tuichukue na ulevi tuutupe?

Shabiki wa kantri, Nakuru

Huo "Zij gelooft in mij" si ni "She Believes in Me" ya Kenny Rogers? Huku kwetu redio huupiga Jumapili mpaka nyama choma inaungua. Sasa mnamsifia mtu kwa wimbo wa kukopa?

Mleta mada

Melodi ndiyo ya kukopa, nakubali. Ila sikiliza zote mbili. Rogers anaimba kama mtu aliyefika. Hazes anaimba kama mtu ambaye hana uhakika kama mke atakuwepo akirudi. Mkopo wa namna hiyo amelipa na riba.

Na ndugu yangu wa Rotterdam, hujanijibu. Mwaka 1989 Hazes alitoa albamu ya bluzi, akaiita "Dit is wat ik wil", yaani hiki ndicho ninachotaka. Bluzi ndiyo muziki aliouhusudu. Hiyo wanaomlilia wanaizungumzia lini? Wanataka tu zile za kaunta.

Mama wa Tanga, Den Haag

Wanangu, hayo ya filamu mimi simo. Nimekwama kwenye majivu. Kachomwa, sawa, ndiyo desturi yao. Mwaka mmoja baadaye majivu wanayapakia kwenye fataki na kuyarusha angani pale ufukweni Hoek van Holland! Mengine yakatiwa kwenye wino, familia wakachorwa tatuu. Maiti si hustiriwa jamani? Hebu mniambie, hiyo ni heshima au shoo?

Mdau wa Rotterdam

Mama, shikamoo. Kwao hiyo ndiyo heshima, maana familia yenyewe ndiyo iliyopanga. Mleta mada, bluzi hazikupendwa kwa sababu watu hawakuzipenda, basi. Si njama.

Mleta mada

Haya, nenda Albert Cuyp kaitazame sanamu yake ya mwaka 2005. Maikrofoni ameshika, lakini wamemkalisha kwenye stuli ya baa. Jijini kote hawakuona jukwaa?

Mdau wa Rotterdam

Pale ndipo alipoanzia kazi, mkuu. Ulitaka wamchongee kiti cha profesa?