Naomba ushauri: puto la kumbukumbu kwenye kerneli yetu
Wakuu, habari za kazi. Hapa Mbeya tunaandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya kufundishia, inayoendeshwa ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, na sasa nataka iweze kuirudishia mashine mwenyeji kumbukumbu isiyotumika kupitia kifaa pepe cha virtio (kiwango cha vifaa vya mashine pepe) kiitwacho puto. Kuchukua kurasa (vipande vya kumbukumbu) za baiti 4096 na kupeleka namba zake kwenye foleni ya kifaa hicho kunakwenda vizuri. Ninachoomba kushauriwa ni hiki: kumbukumbu ikipungua ghafla, je, kigawaji cha kumbukumbu chenyewe kidai kurasa kutoka kwenye puto, au kazi hiyo ifanywe na uzi (thread) wa pembeni? Naihofia sana njia ya kwanza, kwa sababu draiva ya puto nayo inaweza kuhitaji kumbukumbu wakati huohuo, ikasubiri kufuli ambalo kigawaji kimelishikilia, na mfumo mzima ukaganda. Je, kutenga bafa (nafasi za kumbukumbu za kazi) za draiva mapema, mashine inapowaka, kunatosha kuzuia hilo?