Amerudi tena na bango jipya: huyu mgombea wa kila uchaguzi huku Kisauni, Mombasa, atatulipa lini?

AMERUDI. Yule yule wa 2013, wa 2017, wa 2022. Kofia ile ile, tabasamu lile lile, ila rangi ya chama ndiyo imebadilika na chini ya picha pameandikwa "Gavana 2027". Nguzo za stima kuanzia stejini hadi msikitini zote ni uso wake.

Simtaji jina. Wa Kisauni mnamjua, na msio wa Kisauni mna wenu.

Kwa wasiomjua, rekodi yake ni hii. 2013, uchaguzi wa kwanza wa ugatuzi, aliwania uwakilishi wadi akawa wa tatu. Tukampa pole, tena pole ya kweli, kwa sababu wakati ule alikuwa kijana mwenye ari na alizunguka kwa miguu. 2017 wadi ikawa ndogo kwake, akaruka hadi ubunge kama mgombea huru. Chali. 2022 alianza na useneta, mchujo wa vyama ulipokaribia akashuka kwenye ubunge, na mwishowe tukamwona hotelini Nyali, meza imetandikwa kitambaa cheupe, maikrofoni zimepangwa mbele yake, akisoma karatasi kwamba "baada ya kushauriana na wazee wa mashinani" anampisha mwenzake. Wazee gani hao? Baba yangu ni mzee wa mtaa na hakuna aliyemuuliza hata salamu.

Sasa anataka ugavana. Yaani huyu kila akianguka anajipandisha cheo!

Kabla wapambe wake hawajaja hapa na "mbona fulani naye aliwania mara nyingi", wacha niwajibu mapema. Kuwania mara nyingi si kosa. Mwai Kibaki alishindwa 1992, akashindwa tena 1997, akaingia Ikulu 2002. Lakini Kibaki katikati ya miaka hiyo alikuwa wapi? Alikuwa bungeni, mbunge wa Othaya, na baada ya 1997 akawa kiongozi rasmi wa upinzani. Watu walimwona kazini kila wiki. Wetu baada ya matokeo kutangazwa simu haishiki, nyumba ya Kisauni ina mpangaji, na yeye mwenyewe unamsikia yuko Nairobi "kwa mikutano". Miaka minne haonekani wala kwenye maziko. Wa tano unamkuta safu ya mbele kwenye kila swala ya jeneza, amevaa kanzu mpya, analia kuliko watoto wa marehemu.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni kwamba nimechoka kujifanya sielewi. Huyu bwana hawanii ili ashinde. Anawania ili aitwe mezani.

Hesabu yake ni rahisi. Katiba yetu, kifungu cha 180, inasema gavana ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wengine, basi. Hakuna asilimia 50 kama ya rais, hakuna duru ya pili. Kwa hiyo wakubwa wawili wakikabana, mtu mwenye wadi mbili tu mkononi ana mzigo wa kuuza. Angalieni 2022 hapa hapa Mombasa, ule uchaguzi uliosogezwa kutoka tarehe 9 hadi 29 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilichanganywa. Abdulswamad Nassir alipata kura 119,083, Hassan Omar 98,105. Pengo ni kura elfu 21 hivi, katika kaunti yenye wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya 600,000. Ukiweza kumshawishi mkubwa mmoja kwamba wewe una kura elfu tano za Kisauni, kweli au uongo, chai unapikiwa.

Na kiingilio ni rahisi. Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya kuwania ugavana 2022 ilikuwa shilingi 50,000. Ubunge 20,000, wadi 5,000. Ukiwa mgombea huru unaongeza sahihi za wafuasi, 2,000 kwa ugavana, 1,000 kwa ubunge. Sheria ya fedha za kampeni tunayo tangu 2013, lakini uchaguzi wa 2017 na wa 2022 umepita bila kikomo chochote cha matumizi kufanya kazi. Kwa hiyo hakuna anayeuliza pesa zilitoka wapi, na hakuna anayeuliza zilirudi vipi.

Tena hatuwezi kusema hii ni tamaa ya mtu mmoja, kwa sababu wanaoshindwa wanaona wenzao wanavyofutwa machozi. Suleiman Shahbal aliwania ugavana wetu 2013 na 2017, 2022 akajiondoa akamwachia Abdulswamad, na mwaka huo huo Bunge likamchagua kwenda Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Hassan Omar aliyeshindwa naye akapata kiti huko huko. Viti vya Kenya kule ni tisa tu, viwili vikaja kwa waliowania Mombasa! Sheria inaruhusu, sijasema kuna aliyeiba. Machi 2023 Rais akateua makatibu wasaidizi wa wizara 50, na humo wengi walikuwa wametoka kuangushwa na wapiga kura. Mahakama Kuu ikafuta uteuzi huo Julai, lakini somo lilikuwa limeshaingia vichwani. Mtu wetu naye anasubiri bodi yake ya maji au ya bandari. Akiipata sitashangaa.

Sasa nije kwa yale yanayotuuma sisi wenyewe, maana hayo ya Arusha ni ya wakubwa.

2017 alipokuwa anatafuta sahihi, vijana wake walikuja maskani na daftari, lile kubwa la jalada jeusi. Jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Tukaandika, tukijua tunamsaidia mtoto wa nyumbani. Kufika 2021, Wakenya walipoweza kujiangalia kwenye eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, watu chungu nzima wakakuta wamesajiliwa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvisikia. Mimi mmoja wao. Mke wangu pia. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, naye yumo, chama kile kile! Sisi watatu tulikuwa tumeandika ukurasa mmoja wa lile daftari. Siwezi kuapa mahakamani kwamba majina yalitoka pale. Ila sijawahi kumpa mwanasiasa mwingine namba yangu ya kitambulisho, na chama chenyewe ndicho alichoanza nacho useneta 2022. Mtanisaidia kufikiri.

Halafu mabomba. Mnakumbuka mabomba? 2022 alipokuwa bado anawania ubunge alileta mabomba ya plastiki akayalaza mbele ya madrasa, akaita mkutano, akasema maji yanafika kila nyumba, ashinde asishinde. Haya maneno "ashinde asishinde" aliyasema yeye, kwa spika, mimi nikiwa hapo. Wazee wakamwombea dua. Watoto wakawa wanayakalia yale mabomba jioni, wanayafanya farasi. Siku chache baada ya ile meza ya Nyali lori likaja usiku likayapakia yote. Imam anasema aliamka kwa kishindo akidhani ni wezi. Mpaka leo maji tunanunua ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na siku mitambo ya Baricho inayoleta maji Mombasa ikiharibika mwenye mkokoteni anapandisha bei anavyotaka.

Na vijana aliowatumia? Wale wa kubandika mabango, wa kupiga vuvuzela, wa kulinda gari lake usiku? Waliambiwa "tutamalizana". Mwenye hema na viti anadai. Mama aliyepika pilau ya mkutano wa mwisho anadai, na huyo alikopa mchele na nyama kwa jina lake, si kwa jina la mgombea. Aliuza cherehani yake kulipa dukani. Nikimwona huyo mama nakosa la kumwambia, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia "pika tu, huyu ni wetu".

Jambo jingine ambalo watu hawalioni. Uchaguzi wa 2022 ulipokwisha, kaunti zote 47 ziliandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano, wa 2023 hadi 2027, ule wanaouita CIDP. Hapo ndipo mtu anakwenda kuomba barabara, zahanati, maji. Ukikosa kuingia kwenye ule mpango, bajeti ya kila mwaka inakupita kando. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni, Katiba imesema, huhitaji cheo chochote. Kikao cha kwetu kilikaliwa na wazee kadhaa, kina mama wa chama, na mwanafunzi mmoja aliyejua kusoma zile jedwali. Mtu aliyetaka kutuwakilisha katika ngazi zote alikuwa wapi? Kila Februari na Aprili kuna karatasi za bajeti ya kaunti zinajadiliwa, hajawahi kukanyaga. Huwezi kuniambia unataka kusimamia mabilioni ya kaunti na hujawahi kukaa saa mbili kwenye benchi kusikiliza yanavyogawanywa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Anayesema nimetumwa na mpinzani wake, njoo maskani nikununulie kahawa uone aliyenituma. Anayesema "hata hivyo ni wetu, bora yeye kuliko wa nje", ndugu yangu, mama wa pilau pia ni wetu. Na wewe uliyesema tumpe nafasi ya mwisho, nafasi ya mwisho tulimpa 2017.

Wa Likoni aliyeuliza tufanye nini, sisi tumekubaliana hivi na wazee. Jumapili hii baada ya alasiri anakuja uwanjani kuzindua azma yake. Hatumzomei, hatumtupii kitu, na kijana yeyote atakayekuja na panga au jiwe hatumjui. Tunakaa viti vya mbele. Akimaliza kuongea, mzee wa mtaa anaomba maikrofoni na kusoma orodha ya madeni, mmoja mmoja, jina la anayedai na kiasi. Kama hana pesa aseme tarehe, mbele ya watu. Na aseme yale mabomba yako wapi.

Orodha tunaiandika leo. Mwenye hema, mwenye spika, mwenye bodaboda aliyezunguka na bendera bila mafuta kulipwa, andika hapa chini au mwachie muuza kahawa wa maskani jina lako. Usiandike namba ya kitambulisho.